Kilwa ndani ya kilobaiti 13

Jumapili ya tarehe 13 Agosti 2023, saa nane mchana kwa saa zetu, waandaaji wa shindano la kutengeneza magemu la js13kGames walitangaza mada ya mwaka: karne ya 13. Mdogo wangu akashangaa kuniona nacheka peke yangu sebuleni. Nilijua washiriki wenzangu wengi watakimbilia ngome za Ulaya, askari wenye deraya na Wamongolia wa Genghis Khan. Mimi kwetu ni Kilwa Kivinje. Ukivuka kidogo tu kwa bahari kuelekea kusini unafika Kilwa Kisiwani, mji ambao katika karne hiyo tayari ulikuwa na msikiti wa mawe ya matumbawe na sarafu zake wenyewe za shaba. Kwa mara ya kwanza nilipewa mada ambayo sikuhitaji kuitafutia njia.

Kwa wasiolijua shindano hili: alilianzisha Mpolandi Andrzej Mazur mwaka 2012. Unapewa mwezi mmoja, tarehe 13 Agosti hadi 13 Septemba, utengeneze gemu la kuchezwa kwenye kivinjari kwa lugha ya programu ya JavaScript. Ugumu uko kwenye ukubwa. Msimbo, michoro, sauti na maandishi, vyote vikishafungwa kwenye faili moja la zipu, visizidi baiti 13,312, yaani 13 mara 1,024. Huruhusiwi kuvuta chochote kutoka nje, hata fonti. Picha moja ya harusi uliyotumiwa WhatsApp inakula nafasi hiyo mara kadhaa.

Jamu za saa 48, yaani mashindano ya kutengeneza gemu ndani ya siku mbili, nimeziacha makusudi. Ludum Dare, iliyoanza 2002, ndiyo mama wa hizi zote za mtandaoni. Kwenye kundi lake gumu unakaa peke yako saa 48 na kila kitu unakitengeneza mwenyewe kuanzia sifuri. Global Game Jam, iliyoanza Januari 2009, watu hukusanyika ukumbini wikiendi nzima. Nazipenda zote mbili kwa mbali. Mtaani kwetu umeme ukikatika kwa muda wa saa sita, jamu ya saa 48 imeshapoteza sehemu ya nane. Na Jumatatu natakiwa kazini, kwenye mifumo ya stoo na ankara za wauzaji wa jumla, nikiwa na akili zangu timamu. Mwezi mmoja unanifaa: naamka saa kumi na moja alfajiri, napiga saa moja na nusu kabla ya foleni ya Tabata, basi.

Kabla sijaandika mstari wowote nilijiwekea sharti la pili juu ya lile la baiti: kitu ambacho hakikuwepo karne ya 13 hakiingii. Hapo ndipo watu niliowaambia walipoanza kunigombeza. Husuni Kubwa je? Hapana, jumba lile ni la mwanzoni mwa karne ya 14. Ibn Battuta je? Alifika 1331, amechelewa. Karafuu? Karafuu za Unguja ni habari ya karne ya 19. Mdogo wangu alitaka muhogo na mahindi kwenye shehena. Vyote viwili asili yake ni Amerika na wakati huo havikuwa vimevuka bahari. Vilivyobaki vilinitosha: dhahabu na pembe za ndovu kutoka kusini, boriti za mikoko, na kwa upande wa pili nguo, shanga na vyombo vya kauri vya China ambavyo vigae vyake mpaka leo unavikanyaga ukitembea kisiwani.

Chombo nacho kilizua mjadala. Ukimwambia mtu wa pwani achore chombo cha zamani atakuchorea jahazi lenye tanga la pembe tatu. Mimi nilitaka mtepe. Mbao za mtepe zilishonwa kwa kamba za makumbi bila misumari ya chuma, na tanga lake lilikuwa mkeka wa mraba. Mitepe iliyopigwa picha ni ya karne za karibuni, lakini vyombo vya kushonwa vimetajwa pwani hii tangu Periplus, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki karne ya 1. Nilikuwa na picha za mfano wa mtepe nilizopiga Beit al-Ajaib, Unguja, kabla sehemu ya jengo lile haijaporomoka Desemba 2020, nikazifungua nikaanza kuchora. Na hapa historia na baiti zikapatana: tanga la pembe tatu linataka mistari kadhaa ya kuchora pembe na mkunjo, mkeka wa mraba ni fillRect moja, yaani amri moja ya kuchora mstatili.

Kilichobaki kilikuwa swali la msingi. Mchezaji anafanya nini? Kubeba dhahabu kutoka Sofala, Msumbiji ya leo, hadi Kilwa ni safari ya zaidi ya kilomita 1,200, kutoka digrii 20 kusini hadi digrii 9. Lakini kusafiri peke yake si mchezo. Nikampigia mjomba wangu, nahodha mstaafu, anayekaa Kivinje.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Mbona mchana mchana? Kuna habari?"

"Hakuna baya. Nataka kukuuliza habari za upepo."

"Upepo! Umenunua jahazi?"

Nilimweleza. Sidhani kama alinielewa nataka kufanya nini, ila mtu ukimuuliza kitu anachokijua vizuri hajali sana sababu. Nilikuwa nimeshaandika mstari wangu wa upepo, na naomba niuweke hapa kwa sababu ndiyo roho ya gemu zima:

u=Math.sin(siku/58)

Mwaka una siku 365. Ukigawa kwa mara mbili ya pai unapata 58 na kidogo. Kwa hiyo mstari huu unapanda na kushuka mara moja kwa mwaka. Ukiwa juu ya sifuri, kaskazi inavuma na chombo kinasukumwa kwenda kusini. Ukiwa chini ya sifuri, kusi inavuma na unarudi nyumbani. Karibu na sifuri ni tanga mbili, upepo haujaamua, unaweza kwenda popote polepole. Msimu wote wa Bahari ya Hindi kwa herufi kumi na tisa. Nilikuwa nauonea fahari sana.

Mjomba aliposikia kwamba nimegawa mwaka nusu kwa nusu, akanyamaza kwanza.

"Nani kakwambia zinalingana? Kaskazi ni mgeni, anakuja anaondoka. Kusi ni mwenyeji. Halafu kusi ana nguvu. Hapo katikati yake chombo cha maana hakitoki, kinavutwa pwani."

Nikarudi kwenye laptopu nikaongeza herufi tatu:

u=Math.sin(siku/58)-.3

Chukua kalamu upige hesabu. Ukishusha wimbi lote kwa 0.3, kaskazi inabaki kama miezi mitano na kusi inakuwa kama saba. Na kwa kuwa wimbi limeshuka, kilele cha kaskazi kinafika 0.7 tu wakati kusi inafika 1.3. Mambo yote mawili aliyosema mjomba, urefu na nguvu, yalikaa ndani ya baiti tatu. Nimefanya kazi hii miaka mingi na sidhani kama nimewahi kupata mabadiliko ya bei nafuu kuliko hayo.

Mchezo wenyewe ulitoka kwenye mazungumzo hayohayo. Wafanyabiashara wa Uarabuni na Uhindi walikuja Kilwa na kaskazi na kurudi kwao na kusi. Kwao Kilwa ilikuwa karibu na mwisho wa safari inayowezekana kwa msimu mmoja. Wakishuka zaidi kwenda Sofala, kurudi kwao mwaka huohuo ni mashaka. Ndiyo maana Kilwa ilitajirika, ilikaa katikati. Sasa wewe nahodha wa Kilwa umeshuka na kaskazi mpaka Sofala, umepakia dhahabu. Ili urudi unahitaji kusi. Lakini kusi hiyohiyo inayokuleta wewe nyumbani ndiyo inayowachukua wanunuzi wako. Kwenye gemu, majahazi ya wageni yanang'oa nanga Kilwa u ikifika -0.9. Kuanzia upepo unapogeuka mpaka hapo una kama siku 55 za gemu, na siku moja ni nusu sekunde. Kwa hiyo sekunde ishirini na saba hivi. Ukichelewa, unaingia bandarini na dhahabu yako unawakuta wamebaki mbuzi na watoto.

Nikaongeza jambo moja tu juu ya hilo: mzigo ukiwa mzito chombo kinaenda polepole. Ukiwa Sofala kila ukibonyeza kitufe unapakia kipande kingine cha dhahabu, na hakuna anayekwambia inatosha. Gemu nikaliita Kabla ya Kusi. Misimu mitatu, kama dakika tisa, imekwisha, unahesabiwa sarafu zako.

Baada ya hapo ilibaki vita ya baiti, ambayo nakiri ndiyo naipenda zaidi, na hapa nitawachosha kidogo wasio wa fani.

Zipu haiandiki kitu kilekile mara mbili. Ikikutana na herufi ilizokwisha kuziona inaandika tu "rudi nyuma hapo, nakili kiasi hiki". Maana yake ni kwamba tabia nzuri zote ninazowafundisha vijana kazini hapa zinageuka hasara. Kazini nasema usirudie msimbo, tengeneza fanksheni moja, kipande cha msimbo chenye jina lake, uiite mara kumi. Kwenye js13k mara nyingi ni nafuu kunakili mistari ileile kumi kuliko kutengeneza fanksheni, kwa sababu marudio hayana bei na fanksheni ina bei ya jina lake na mabano yake. Nilikuwa na fanksheni safi ya kuchora kitu chochote bandarini, mtu, mnazi, gunia. Nikaivunja, nikaandika kila kimoja kwa mpangilio uleule wa amri, na faili likapungua. Ungekuwa msimbo wa mwanafunzi wangu ningeurudisha.

Maandishi ya Kiswahili nayo yalinibeba. Hatuna herufi zenye alama juu, kila moja ni baiti moja tu, na viambishi vyetu vinajirudia: umefika, umepakia, umeuza, umechelewa. Zipu inakula sentensi hizo bila hata kutafuna.

Pwani yote kutoka Kilwa hadi Sofala ni neno moja la ovyo ndani ya msimbo, lisilosomeka. Namba ya kila herufi inaeleza ukingo wa bahari uko umbali gani kutoka kushoto mwa skrini, na kompyuta inaunganisha nukta hizo kwa mstari. Nilikaa na ramani nikichagua herufi moja moja. Ghuba kubwa karibu na Sofala ni herufi kubwa, ambazo namba zake ni ndogo, na kingo zinazotokeza kaskazini ni herufi ndogo. Emoji nilizifikiria kwa shehena, maana hazina gharama kubwa, michoro yake imo kwenye simu ya kila mtu. Lakini kila kampuni ya simu ina michoro yake, na ile emoji ya mashua ya tanga ni boti ya starehe ya watalii. Nikachora mwenyewe, rangi nne jumla: bahari, mchanga, tumbawe, mkeka.

Kwa sauti nilitumia ZzFX ya Mmarekani Frank Force, kamsimbo kadogo ambako sauti yoyote ni safu ya namba tu. Babu wa vifaa hivi ni sfxr, ambayo Msweden Tomas Pettersson aliitengenezea washiriki wa Ludum Dare Desemba 2007 ili wasikwame na sauti, na mpaka leo ukisikia gemu dogo linalia "piu" kuna uwezekano mkubwa ukoo wake unaishia hapo. Mlio wa kupakia dhahabu niliuhangaikia asubuhi nzima. Upepo haukunihangaisha: ni kelele tupu, zinapanda na kushuka kwa u ileile. Kusi ikikolea unaisikia kabla hujaiona.

Mwisho wa yote unaubana msimbo. Terser inageuza majina marefu kuwa herufi moja na kufuta nafasi zisizohitajika. Halafu kuna Roadroller, ya Mkorea Kang Seonghoon, ambayo inaupakia msimbo wako upya kwa hesabu kali kuliko za zipu na kuuweka pamoja na kifunguzi chake kidogo. Kwangu iliokoa zaidi ya kilobaiti moja. Kilobaiti moja! Mtu wa nje hawezi kuelewa furaha ile. Ndani ya siku chache niliweza kurudisha mawimbi yanayotembea na mwezi unaoandama.

Vingine havikurudi. Miamba ilikuwepo, ikatoka. Soko la Kilwa lenye watu wa kuongea nao lilitoka mapema kabisa, na silililii, maana wachezaji wangebonyeza kuyapita maneno yote. Mdogo wangu, yuko kidato cha tatu, aligoma kucheza tena nilipofuta maharamia.

"Dada, gemu la bahari bila maharamia ni la nini?"

Nikampa simu acheze hivyohivyo. Safari ya kwanza alijaza dhahabu mpaka ukingoni, akafika Kilwa bandari tupu. Safari ya pili akachukua vipande viwili kwa woga, akauza, akakasirika kwamba angeweza kubeba zaidi. Ya tatu akasimama Sofala akiangalia bendera ya upepo huku ananung'unika mwenyewe, "bado, bado, sasa". Maharamia hakuwataja tena. Kwa hiyo ninachowaambia wanaoniuliza namna ya kuanza jamu: usiongeze adui mpaka umejaribu kumpa mchezaji nafasi ya kujidhuru mwenyewe kwa tamaa yake. Hakuna baiti inayolipa kama hiyo.

Mwezi wa Septemba mgao wa umeme ulishika kasi, na betri yangu ya laptopu ni ya kuhesabiwa dakika. Sikusubiri saa nane ya Jumatano ya mwisho. Nilituma Jumatatu usiku, faili likiwa limebakiza baiti chache za kujaza kiganja, nikaweka msimbo wote GitHub, ghala la msimbo la mtandaoni, kama sheria inavyotaka, nikalala.

Washiriki ndio wanaopigiana kura, kwa hiyo wiki zinazofuata unacheza magemu ya wenzako mpaka macho yanauma. Ngome nilizikuta kama nilivyotarajia, ila nyingine zilitengenezwa kwa ustadi ulionifanya nione aibu ya kuzidharau. La kwangu lilimaliza katikati ya msafara. Wengi walisifu sauti na rangi. Mmoja aliuliza kama Kusi ni jina la mungu wa bahari; nikamjibu kwa heshima zote. Wengine walilalamika kwamba mwaka wa kwanza hawakuelewa kwa nini chombo hakirudi, wakashikilia kitufe cha kwenda kaskazini dakika nzima kwenye upepo wa mbele. Ningeweza kuweka maelezo mwanzoni. Niliyakataa wakati ule na ningeyakataa leo: unashikilia, hauendi, unainua macho, unaiona bendera. Aliyekata tamaa kabla ya hapo hakuwa mteja wangu.

Mjomba alilipata gemu kwa simu ya binti yake. Alinipigia mwenyewe, jambo la nadra.

"Nimeona. Upepo umeuweza. Lakini chombo chako hakina watu."

"Mjomba, mabaharia hawakuingia. Nafasi ilijaa."

"Nafasi imejaa na chombo kitupu?"

Nilianza kumweleza habari za baiti, akanikata.

"Chombo cha kushonwa kinavuja, mwanangu. Kinavuja asubuhi, kinavuja jioni. Nani anafua maji? Hiyo dhahabu yako imekwisha kuzama toka Sofala."

Toleo ninalolitengeneza sasa ni la nje ya shindano, halina kikomo cha ukubwa. Miamba imerudi. Maharamia hapana, mdogo wangu anisamehe. Mabaharia wako wanne: mmoja usukani, mmoja kwenye tanga, na wawili kazi yao kutwa ni kufua maji ya ngama, yaani kuyachota yale yanayojikusanya chini ya chombo na kuyamwaga nje. Ukiwahamisha kwenda kusaidia kupakia dhahabu, mtepe unaanza kushuka taratibu, na sijaandika popote kumwambia mchezaji kwa nini.